Uliza Ufunguo wa Pili

Kuna watu hapa Eldoret ambao hadi leo hawanisalimii. Tukikutana kanisani wanainamia kitabu cha nyimbo hata kabla wimbo haujatajwa. Kuna mmoja, tena tulizaliwa kijiji kimoja huko Ainabkoi, akiniona sokoni anavuka barabara kwenda upande ambao hana chochote cha kununua. Mimi namwita kwa jina, kwa sauti kubwa, namuuliza watoto wako aje. Lazima ajibu, watu wanaangalia. Sina aibu hata kidogo. Mwenye kustahili kuona aibu kati yetu ni nani, mtaamua wenyewe mkimaliza kunisoma.

Naitwa Rael, ingawa wengi wananijua kama Mama Jerono. Nimefanya kazi ya serikali miaka thelathini na moja, kwanza kwenye baraza la mji, halafu kwenye kaunti ilipozaliwa. Kaunti yenyewe sitaitaja. Ukanda huu ziko kadhaa, na haya ninayosema msiende kumbandika mtu. Kazi yangu ilikuwa stoo na orodha: kujua serikali ina viti vingapi, magari mangapi, faili gani iko kabati gani, na nani ana ufunguo. Ni kazi ya watu wasiopigwa picha. Lakini gavana mmoja akitoka na mwingine akiingia, jamani, hakuna mtu anayetafutwa kama karani wa orodha.

Nawaandikia nyinyi vijana mlioajiriwa juzi juzi, mtakaokuwa kwenye hizo ofisi uchaguzi ukija. Msidhani kubadilisha uongozi ni ule uwanja na mahema na bendi, na gavana mpya akiinua Biblia mbele ya jaji. Hiyo ni saa moja tu. Kazi iko kwenye siku zinazotangulia. Matokeo yakitangazwa zinapita siku kumi, halafu Alhamisi ya kwanza inayofuata gavana anaapishwa. Rais yeye ni Jumanne, na siku zake ni kumi na nne, kama hakuna aliyeenda kortini. Waliokuja kujifunza kazi kwangu nilikuwa nawaambia: Rais Jumanne, gavana Alhamisi, ukichanganya utapikia chai wageni wasiokuja.

Siku hizo kumi ndizo za kuangalia kwa macho mawili. Aliyeshindwa bado ni gavana, gari lake lina bendera na walinzi wanampigia saluti. Aliyeshinda bado ni raia tu mwenye cheti. Katikati kuna kamati ya makabidhiano, mwenyekiti wake ni katibu wa kaunti, na ndani yake kuna watu wa huyu anayekuja. Imepangwa hivyo makusudi, kiti kisikae tupu hata dakika moja, na mtu asikikalie kabla ya siku yake wala baada ya siku yake. Hata Rais, Katiba imemfunga mikono akiwa anaondoka. Hawezi kuteua majaji wala mawaziri mpaka mwenzake aape. Mimi sikusomea sheria, lakini hayo niliyasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kwa sababu nilishawahi kuungua.

Niliungua pale baraza la mji lilipokabidhi ofisi zake kwa kaunti mpya. Mkubwa wangu wa stoo alikuwa Mzee Njoroge, mtu wa kutoka Nyeri aliyekuja huku kijana na hakurudi tena. Kikalenjin chake kilikuwa cha kuchekesha lakini alikiongea bila woga, hata kwa wazee. Penseli yake aliifunga shingoni kwa kamba ya kiatu ili isiibiwe. Siku hiyo alinikuta mezani naandika orodha ya ofisi zote, chai pembeni, nimetulia kabisa.

"Mama, unaandika ukiwa umekaa?" akaniuliza.

"Mzee, hizi vyumba nazijua zote."

"Unazijua, ndiyo. Kwa hivyo hiyo si orodha. Hiyo ni vile wewe unakumbuka."

Nilimcheka. Nikaandika: chumba cha faili za viwanja, ufunguo umekabidhiwa. Waliokuja wakatia sahihi, tukapigwa picha, tukala. Baada ya wiki mbili faili zikaanza kukosekana. Kufuli ilikuwa nzima, dirisha lilikuwa zima. Mnajua ilikuwa nini? Afisa mmoja wa zamani alikuwa akija Jumamosi saa sita mchana, jua likiwaka, anasalimia bawabu, anafungua kwa ufunguo wake mwenyewe na kubeba faili anazotaka. Bawabu alimsaidia kubeba! Alidhani mzee amekuja kuaga.

Kufuli yoyote ikitoka dukani inatoka na funguo mbili. Mimi niliandika ufunguo, mmoja, nikaenda kula wali. Mama mmoja mjane kutoka njia ya Timboroa alikuja kutafuta faili ya kiwanja cha marehemu mume wake, akakaa kwenye benchi langu siku nne mfululizo, na faili hiyo haijaonekana hadi leo. Mzee Njoroge hakunigombeza. Aliitoa ile penseli shingoni, akanipa, akasema, "Sasa utakuwa unauliza wa pili." Ningependa angenigombeza. Uso wa yule mama bado ninao.

Tangu siku hiyo nilibadilisha kazi. Sikuruhusu tena mtu kukabidhi serikali akiwa amekaa. Tulitembea vyumba, sisi sote, wanaotoka na wanaoingia pamoja. Anayetoka anasoma kwa sauti, anayeingia anagusa kile kitu kwa mkono wake, mimi natia tiki. Usipogusa siandiki. Kuna mshauri mmoja wa gavana mpya, amevaa suti ya kijivu, viatu vinang'aa, tulifika chooni naye akasimama mlangoni. Mwenzake anayetoka akasoma: brashi ya choo, moja.

"Gusa, Bwana," nikamwambia.

"Mama, si naiona."

"Hata mimi nakuona, na sijui kama wewe ni mzima. Gusa."

Aligusa kwa kidole kimoja. Nikatia tiki. Hasira alikuwa nayo, lakini miezi sita baadaye alinitafuta akanishukuru, kwa sababu wenzake walikuwa wanaulizwa na wakaguzi mambo ya jenereta, na yeye alikuwa anakumbuka aliigusa wapi na ilikuwa na betri.

Siku hizi mambo yamegeuka. Ufunguo wa pili hauko mfukoni tena, uko kichwani mwa mtu wa kompyuta. Kuna wakati jamaa wa mawasiliano aliondoka na pasiwadi, yaani neno la siri, ya ukurasa wa kaunti mtandaoni, akazima simu. Wueh! Wiki tatu nzima ukurasa wetu uliendelea kumshukuru gavana aliyeshindwa kwa uongozi wake bora, na picha yake akipanda mti. Gavana mpya alikuwa akiufungua kila asubuhi kuangalia kama yule wa zamani bado yuko. Kwa hivyo, pasiwadi nayo ni chumba, itembelewe. Iandikwe mbele ya pande zote mbili na ibadilishwe papo hapo, wote wakiangalia. Msikubali ile ya "nitawatumia baadaye."

Sasa nifike kwa kile kilichonifanya nisisalimiwe.

Muhuri wa kaunti ulikuwa unakaa kwenye sefu yenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja alikuwa nao katibu wa kaunti, mwingine nilikuwa nao mimi. Mzee Njoroge ndiye alipigania hilo kabla ya kustaafu, kwamba mtu mmoja asiweze kufungua peke yake. Funguo za akiba zilikuwa benki ndani ya bahasha, na benki haikuzitoa bila sisi wawili. Barua isiyo na ule muhuri ilikuwa karatasi tu.

Gavana wetu alishindwa. Nasema wetu kwa sababu alikuwa wetu kweli, na kura yangu alikuwa nayo mara zote mbili. Nililia matokeo yaliposomwa. Jumapili iliyofuata, zile siku kumi zikiwa katikati, msaidizi wake mkuu alinialika nyumbani kwake Elgon View baada ya kanisa. Nitamwita Mkubwa, kwa sababu ndivyo alivyopenda kuitwa. Nyumba ina vigae hadi kwenye banda la mbwa. Nilipewa chai, nikapewa keki, nikaulizwa habari za mguu wangu unaoniuma. Kumbe mguu wangu ulikuwa unajulikana! Halafu akaleta barua.

Zilikuwa nyingi, bunda zima. Barua za ajira. Tarehe zilikuwa za miezi mitatu nyuma, kabla ya uchaguzi, sahihi zote ziko, zimebaki kupigwa muhuri. Akachomoa moja, akaiweka mbele yangu, akainyoosha kwa kiganja. Ilikuwa na jina la Jerono, msichana wangu. Afisa wa lishe, kazi ya kudumu, na namba ya kitambulisho iko hapo chini.

Mjue Jerono alikuwa na diploma ya lishe tangu miaka minne kabla ya hapo, na miaka hiyo yote alikuwa analeta viazi kutoka Timboroa na kuviuza kwa ndoo kando ya barabara. Maombi ya kazi ameandika mpaka mwandiko wake umebadilika. Niliiangalia ile barua na niliitaka, sitawadanganya. Kikombe nilikiweka chini.

"Katibu ameshatoa ufunguo wake," Mkubwa akasema. "Umebaki wewe tu, Mama."

"Bodi ya kuajiri iliketi lini?"

"Bodi nitaongea nayo."

"Siulizi utaongea nayo lini. Nauliza iliketi lini. Hii tarehe mmeandika hapa, bodi haikuketi. Najua, kwa sababu mimi ndiye huwapangia viti."

Akacheka kidogo. Halafu akaacha. "Mama, hawa wanaokuja wataandika watoto wao. Unajua hivyo. Wewe sheria utaikaanga uile?"

"Kama wataandika watoto wao, watapata karani anayewauliza bodi iliketi lini."

"Wewe ni wa kwetu ama wa nani?"

"Mimi ni wa kwenu mpaka kura. Nilipiga, tukashindwa."

"Ujue faili za pensheni huwa zinapotea," akaniambia, na sasa hakuwa akiuliza habari za mguu.

"Yangu haipotei. Mimi ndiye niliandika iko kabati gani."

Nikasimama, nikamshukuru mke wake kwa keki, nikashuka Elgon View kwa miguu na huo mguu wenyewe. Sikuwa shujaa. Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu. Nilikuwa namwambia Mungu, mbona jina lake, si ungewaacha waandike la mtu mwingine.

Jerono alikuwa mlangoni. Walikuwa wamemwambia yeye kabla yangu, wajanja hao. Sketi nyeusi ilikuwa imepigwa pasi, imetundikwa kwenye kiti.

"Umekuja nayo?"

"Hapana."

"Mum, walisema ni wewe tu umebaki."

"Ni mimi."

"Ni stempu tu! Sekunde moja!"

"Ule muhuri ni wa watu, Jerono. Si wangu."

Akaniangalia. "Na mimi si mtu?"

Niliingia jikoni nikamenya viazi ambavyo hakuna mtu alikula.

Jumatatu walikuja ofisini kwangu watu watatu na Mkubwa mbele. Walifungua droo zote. Walipata biskuti, miwani, na soksi za baridi. Wakaangalia chini ya kapeti, wakaangalia ndani ya birika.

"Mama, ufunguo uko wapi?"

"Uko salama."

"Salama wapi?"

"Tafuteni."

Ulikuwa kifuani mwangu, umefungwa kwa leso, mahali ambapo mwanamume aliyelelewa vizuri hawezi kutafuta. Nadhani walijua. Mkubwa alinitazama mara moja, akatazama dari haraka sana. Nilikaa nimenyooka, nikala biskuti yangu. Siku zote hizo nililala nao, nikaoga nao, nikaenda nao kanisani. Ulinichuna ngozi, alama ninayo.

Alhamisi ikafika. Gavana mpya akaapa mbele ya jaji, wa zamani akamkabidhi bendera na ripoti na nakala ya Katiba, watu wakapiga kelele. Niseme ukweli, wa zamani alisimama vizuri, akampa mwenzake mkono kwa heshima. Mpaka leo sijui kama zile barua alizijua. Baadaye tukatembea vyumba. Tulipofika kwenye sefu nikasoma mimi mwenyewe kwa sauti: muhuri wa kaunti, mmoja. Funguo, mbili hapa na mbili benki. Nikageukia ukutani, nikautoa wangu, nikauweka mezani ukiwa bado na joto, kando ya ule wa katibu.

Sasa mnangoja niwaambie kwamba nilizawadiwa. Ala! Waliokuja hawakuwa malaika. Nafasi za lishe zilitangazwa, Jerono akaomba kama watu wengine, hata kuitwa kwa mahojiano hakuitwa. Niliandika barua ya kulalamika, nikabaki na nakala yenye stempu ya kupokelewa. Hawajajibu. Nilistaafu kabla hawajanialika chai, na hiyo ni bahati yao. Pensheni ilikuja, faili ilikuwa pale pale nilipoiandika.

Lakini Jerono alihama. Alienda kwa dada yangu Timboroa, na kwa muda mrefu alikuwa akinisalimia kama mtu anayesalimia karani kwenye dirisha. Hujambo, sijambo, simu imekatwa. Majirani walisema nimemuuza mtoto wangu kwa watu wengine. Iliniuma, na inaniuma ninapoandika. Lakini mkiniuliza kama ningeupiga ule muhuri, nawaambia hapana. Jana hapana, leo hapana, mkinileta kwa kiti cha magurudumu hapana.

Jerono alijitengeneza mwenyewe, simsifu kwa sababu ni wangu. Kutoka ndoo kando ya barabara akafika kuuza magunia, akapata nafasi soko moja hapa mjini, na wenzake wakamchagua kuwa mwenyekiti wa wafanyabiashara wa soko. Akakaa muhula wake. Mwaka huu wakapiga kura tena, akashindwa na Mama Wanjiku wa vitunguu. Kwa kura chache, za kuuma.

Jumanne mchana akaja kwangu. Hakuwa amekuja mwenyewe tu bila kuitwa tangu zile siku. Akaketi, akaweka funguo mezani, za stoo ya soko. Ndani ya hiyo stoo kuna mizani, maturubai, na kitabu cha nani ana kibanda gani. Kitabu hicho ndicho soko lenyewe. Aliye nacho anaweza kumhamisha mtu.

"Wanasema nisitoe," akaniambia. "Watu wangu. Wanasema Wanjiku atapea watu wake vibanda. Wacha avunje kufuli kama anataka."

"Wewe unasemaje?"

Alizigeuza zile funguo mezani, akaangalia mikono yake.

"Orodha inaandikwaje?" akauliza.

"Ukiwa umesimama," nikamwambia.

Kesho yake tulikuwa mlangoni mwa stoo. Wanawake wa soko walijaa, wa huyu upande huu, wa yule upande ule, na si wote walikuwa na nyuso nzuri. Mimi nilipewa kalamu tu. Jerono akasoma kwa sauti, Mama Wanjiku akagusa. Mizani, mbili. Akagusa. Maturubai, tisa. Akayapapasa yote tisa, mwanamke huyo anajua kazi. Kitabu cha vibanda, kimoja, kurasa zote ziko. Akakifungua, akahesabu kurasa kwa kidole kilicholoweshwa mate.

"Ufunguo wa stoo," Jerono akasoma, "mmoja."

Mama Wanjiku akaupokea, akaufunga kwenye pindo la kanga yake, akashika kalamu atie sahihi.

Nilijua ziko mbili. Mezani kwangu zilikuwa mbili. Miaka yote hiyo nimeuliza swali hilo moja kwa magavana na kwa makatibu, na sasa sikuliuliza. Kama ningeuliza mimi, uamuzi ungekuwa wangu tena, si wa Jerono. Hakuna mwingine aliyeuliza.

Jerono aliiangalia ile karatasi. Kisha akamnyang'anya Mama Wanjiku kalamu, akakata neno "mmoja", akaandika "mbili". Akageukia ukutani, akatia mkono ndani ya blauzi, akatoa leso, na ndani ya leso ufunguo wa pili.

"Haiya!" Mama Wanjiku akasema, na soko lote likaangua kicheko, upande huu na upande ule.

Jerono hakucheka. Aliuweka ule ufunguo kwenye kiganja cha mwenzake, halafu akanigeukia mimi.

"Mum," akasema, "tia tiki."